Nani Anakujua Ukichoka? Niliyoongea na Wenzangu wa Matembezi ya Jumamosi

Jumamosi baada ya matembezi yetu ya kujiandaa kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za matibabu ya watoto, niliongea kidogo na wenzangu pale ufukwe wa Coco, na kwa vile wengi hamkuwepo na mmeuliza sana kwenye grupu nilisema nini, nimeyaandika yote kama yalivyotoka, picha nilizoonyesha kwenye simu tu ndo nimeziacha.

Wazee wetu shikamooni. Wengine wote hongereni na poleni na jua. Kaeni hapo hapo kwenye mchanga, nyoosheni miguu, mwenye maji anywe, mwenye sahani ya mihogo amsogezee jirani yake maana nina maneno mengi kidogo leo.

Nataka nianze na daraja. Leo tumetoka hapa, tukapanda Daraja la Tanzanite, tukatokea Aga Khan, tukaifuata Barack Obama Drive, tukarudi. Vizuri kabisa. Lakini mimi nilikuwa nyuma leo, makusudi, nilitaka kuwaangalia mnavyotembea. Na nikaona wa mbele wetu wameshashuka upande wa Aga Khan wakati wa mwisho wetu ndo kwanza anaanza kulipanda daraja upande huu. Daraja lile lina kilometa 1 na kidogo. Kilometa nzima jamani! Katikati hamna mtu anayemwona mwenzake usoni. Sasa nawauliza, yule wa mwisho angekaa chini pale katikati ya daraja, kashika kichwa, nani angejua? Nani? Wa mbele mngejua saa ngapi, mkishamaliza kunywa maji?

Sijasema hivyo kumlaumu mtu, najua mna nguvu na nguvu ni kitu kizuri, mtu anayeamka saa kumi alfajiri kutoka Gongo la Mboto au Mbezi Luis akapanda daladala ya kwanza ili atembee na wenzake mimi namheshimu sana. Lakini nataka leo tuelewane jambo moja, moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke. Hatukutani Jumamosi ili kutafuta pumzi. Pumzi unaweza kuitafuta peke yako, panda ngazi za ofisini kwenu badala ya lifti, kimbia uwanjani, endesha baiskeli. Tunakutana Jumamosi ili tujuane. Nijue wewe unatembeaje ukiwa mzima, ili siku usipokuwa mzima niione kabla hujaniambia. Hiyo ndo kazi ya haya matembezi.

Sasa mtasema, huyu dada anatia chumvi, kujuana ndo nini, si tunapanda mlima tu. Haya, ngoja niwaambie mlima ukoje.

Sisi watu wa Dar tunaishi usawa wa bahari, hapa tulipokaa hata mita 5 hatufiki. Kibo, ile sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, kilele chake kinaitwa Uhuru, ni mita 5,895. Hewa ya kule juu ina oksijeni ile ile asilimia 21 kama hii tunayovuta hapa, watu wengi hawajui hilo, wanadhani oksijeni imekwisha. Haijaisha, ila mgandamizo wa hewa umepungua, pale Uhuru umebaki kama nusu ya huu wa hapa ufukweni, kwa hiyo ukivuta pumzi moja unapata karibu nusu ya kile mwili wako umezoea. Mwili unaweza kuzoea, Mungu ameuumba hivyo, lakini unataka muda, unataka siku, hauna njia ya mkato. Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri: mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Narudia. Mazoezi hayakukingi. Unaweza kuwa na mapaja ya chuma na ukaumwa, na mzee wa miaka 60 anayetembea taratibu asiumwe kabisa. Tena wenye nguvu mara nyingi wako kwenye hatari zaidi, sababu miguu inawaruhusu kwenda haraka kuliko damu yao inavyozoea.

Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula hukitaki, usingizi unakatika katika. Hayo yakiwa madogo unapumzika, hupandi zaidi mpaka yaishe. Yakizidi, ubongo unaanza kuvimba au mapafu yanaanza kujaa maji, na hapo dawa kubwa ni moja, kushuka, usiku huo huo, mvua inyeshe, giza liwepo, unashuka. Wengine mmeniuliza kuhusu Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, jibu langu ni muone daktari wako mapema, usinunue kwa kuambiwa na mtu wa grupu, na hata ukiimeza sio ruhusa ya kukimbia.

Kinachotisha ni kwamba ubongo unaoumwa ndo huo huo unaoulizwa kama unaumwa. Mnanielewa? Ukimuuliza mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, vipi uko poa, atakujibu niko poa. Na hadanganyi! Yeye anaamini yuko poa. Kwa hiyo usalama wako kule juu hauko kwako, uko kwa jirani yako.

Niwape kisa. Nilishapanda na kundi lililokusanyika kwa ajili ya hisani kama sisi, ila wao walikuwa hawajatembea pamoja hata siku moja, kila mtu alifanya mazoezi kwake, wakakutana getini Marangu siku ya safari, wakapigana picha, wakaanza. Kulikuwa na kijana mmoja pale, afya tupu, kashakimbia nusu marathoni pale Moshi, yaani kila kituo anafika wa kwanza. Mandara wa kwanza. Horombo wa kwanza. Siku tunavuka lile tambarare kavu kati ya Mawenzi na Kibo, wengine tumeinamia upepo, yeye tunamwona kwa mbali kama nukta. Kufika kibanda cha Kibo, mita 4,720, tumemkuta amekaa mezani, kimya, chakula kakisogeza pembeni kidogo. Tukasema kijana mpole huyu, hana maneno mengi. Hakuna aliyeshtuka. Saa sita usiku tunajiandaa kutoka, anahangaika na zipu ya koti, anaivuta, haifungi, anaivuta tena. Bahati nzuri guide mmoja mzoefu akamwona, akamwambia tembea hapa kwenye mstari, kisigino kiguse kidole cha mguu wa nyuma, hatua kumi tu. Hatua ya tatu akayumba akashika ukuta. Guide hakubishana naye, alimvalisha kofia akashuka naye usiku ule ule mpaka Horombo. Asubuhi alikuwa anaomba uji.

Tuliporudi mjini dada yake alikuja kumpokea, nikamweleza yaliyotokea, kwamba tulidhani ni mtu mkimya. Yule dada alinitazama akashangaa kweli kweli. Akasema, huyu? Huyu mkimya? Nyumbani hatulali kwa maneno yake, huyu akinyamaza dakika kumi mama anaenda kutafuta panadol!

Mmeona? Taarifa ilikuwepo. Mtu mmoja aliyemjua angetosha. Sisi tulikuwa kundi zima na hakuna aliyemjua, na tulikuwa tumelala naye kwenye kibanda kimoja.

Sasa kisa cha pili, hiki cha hapa hapa kwetu na mwenyewe yupo na amenipa ruhusa nikisimulie. Ile siku ya Pugu, kwenye msitu wa Kazimzumbwi, kuna mama yetu mmoja akitembea huwa anaimba imba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, kila Jumamosi, wote mnamjua, tena wengine mmeshajifunza besi. Mama ana sukari. Tumefika kile kipande cha kupanda, dada aliyekuwa nyuma yake akasikia kimya. Kimya tu, basi. Akamshika bega akamuuliza, mama mbona wimbo umekatika? Mama akajibu niko sawa mwanangu. Dada hakukubali, akamkalisha, jasho linamtoka la baridi, mikono inatetemeka, akampa juisi na tende, dakika 15 mama akarudi. Ndugu zangu, hiyo ndo mazoezi. Siku ile huyo dada alifanya mazoezi makubwa kuliko mtu yeyote aliyemaliza wa kwanza.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi ijayo sheria ni hii, tunatembea kwa mwendo wa kuongea. Kama unatembea na huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, unaenda haraka, punguza. Kama mwenzako anajibu neno moja moja, anaenda haraka, mpunguzie. Mtaona ni pole pole mpaka inaudhi, najua, kuna vijana hapa mwendo huo utawauma zaidi ya kukimbia. Lakini waongozaji wa Kilimanjaro hawaimbi pole pole kufurahisha wageni, ndo mwendo wenyewe. Karl Egloff, yule mkimbiaji wa milima kutoka Ecuador, mwaka 2014 alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 6 na dakika 42, ni kweli, na watu wananitumia hiyo habari kila wiki, lakini yule ni mtu aliyezoea milima mirefu maisha yake yote na alikuwa hachangishi fedha na mama zake. Sisi tunapanda kwa siku 6 kwa njia ya Marangu, na ile siku ya ziada tunalala Horombo mara mbili, asubuhi tunapanda mpaka kwenye yale mawe yenye mistari kama ya pundamilia, karibu mita 4,000, alafu tunarudi kulala chini. Kuna walioniambia tukate siku moja tupunguze gharama. Hapana. Ile siku ndo siku ya mwili kuzoea, ukiikata umejikata mwenyewe.

Na kutembea kundi kwa ajili ya jambo sio kitu kigeni kwetu, wazee waliopo hapa wanakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 nchi hii ilitembea. Vijana walitembea mikoa kwa mikoa kuliunga mkono, na Mwalimu mwenyewe, rais wa nchi, Oktoba mwaka ule alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Hakupanda gari akapunga mkono dirishani. Alitembea. Na tusisahau kijana Seti Benjamin, alitoka Arusha na wenzake kuja Dar kwa miguu, akafariki njiani. Nimemtaja kwa heshima, na nimemtaja ili mjue kwamba kutembea kwa ajili ya wengine ni jambo zito, watu walilipa nalo uhai, tusilifanye kama pikiniki.

Haya, kuhusu miguu yenyewe.

Wote mnafanya mazoezi ya kupanda. Nani anafanya mazoezi ya kushuka? Hebu nyoosheni mikono nione. Mnaona? Sasa sikieni hesabu. Usiku wa kilele mnatoka kibanda cha Kibo mita 4,720 mnapanda mpaka 5,895, hiyo ni kama mita 1,175 za kupanda gizani kwenye changarawe inayorudi nyuma, baridi chini ya sifuri, inaweza kufika hata nyuzi -15. Mkishapiga picha pale Uhuru mnadhani mmemaliza, kumbe siku hiyo hiyo mnashuka mpaka Horombo, mita 3,720. Zaidi ya mita 2,100 za kushuka, hamjalala, mmechoka, magoti yanagonga. Watu wengi wanaoumia miguu wanaumia hapo. Misuli ya mbele ya paja ndo breki yako wakati wa kushuka, na hiyo misuli haijengwi kwa kutembea Coco kwenye tambarare, inajengwa kwa kushuka kwenyewe.

Ndo maana ya Morogoro. Waliokwenda safari ile wanajua. Tulipanda treni ya SGR asubuhi, tukafika Morogoro jua halijakali, tukaanza kupanda Uluguru kuelekea Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani. Kupanda wote walikuwa wanacheka. Tunapishana na kina mama wa Kiluguru wanashuka na mizigo ya mboga kichwani, ndala miguuni, hawashiki fimbo wala nini, wanatusalimia sisi wenye viatu vya bei mbaya na tunashindwa hata kuitikia kwa kuhema. Nikawaambia wenzangu waangalieni wale mama wanavyoshuka, hatua fupi, goti limelegea kidogo, mwili haujaegemea nyuma, hawajikazi. Hilo ndo darasa, ni bure, tukae tuwaangalie. Na kwenye kushuka ndo kicheko kikakatika, jioni kwenye treni kuna watu walishindwa kuinuka kwenye kiti kufika Dar, na wiki nzima wanashuka ngazi kinyumenyume. Sasa je, ingekuwa ndo siku ya kwanza mapaja yao yanakutana na mteremko, na iwe kutoka Uhuru? Tutarudi Morogoro, na safari hii tunalala, tunatembea Jumamosi na tunatembea tena Jumapili na uchovu wetu wote, maana mlima haukupi siku ya kupumzika ukiomba.

Viatu. Nitasema kwa kifupi lakini ni muhimu. Mtumba mzuri upo, Karume pale unapata buti imara kwa bei nzuri na mimi sina neno na mtumba. Lakini buti iliyokaa miaka mingi stoo soli yake inaoza ndani kwa ndani, kwa macho unaiona mpya kabisa, alafu ukitembea masaa matatu soli yote inabanduka. Hilo tumeliona Morogoro kwa macho yetu, kaka yetu mmoja ameshuka Uluguru soli imefungwa kwa kamba ya katani. Ikitokea Uluguru unarudi na bodaboda. Ikitokea Kibo je? Kwa hiyo nunua mapema, sasa hivi, tembea nayo kila Jumamosi mpaka iwe mguu wako, na usinunue inayokubana, ukishuka vidole vinasukumwa mbele, kata kucha fupi siku chache kabla ya safari. Soksi mbili, nyembamba ndani nzito nje. Begi lako la mgongoni liwe na uzito ule ule utakaobeba, maji lita tatu, koti la mvua, chakula kidogo, usije Jumamosi mikono mitupu alafu mlimani ndo ukutane na kilo sita kwa mara ya kwanza.

Na tukiongelea kubeba, wale watakaobeba vyombo vya jikoni, chakula na mabegi yetu makubwa, wapagazi wetu, wenyewe wanajiita wagumu, kiwango cha mzigo kwa mtu mmoja ni kilo 20. Tutapima mizigo mbele yetu, na kabla ya kulipia kampuni yoyote tutauliza wanawalipa kiasi gani, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Siwezi kukubali tuchangishe fedha kwa ajili ya watoto wa Dar huku tunawaumiza baba za watoto wa Moshi. Sitakubali na najua nanyi hamtakubali.

Sasa tuje kwenye sababu ya yote haya. Watoto.

Kazi yangu wengi mnaijua, ni fiziotherapia, na kila wiki nakuwa kliniki ya mguu kifundo. Kwa ambao hamjui, mtoto anazaliwa nyayo imejikunja kwa ndani na kwenda chini, mguu mmoja au yote miwili, takriban mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Sio laana. Sio kwa sababu mama alikula kitu fulani au kapishana na mtu fulani. Ni maumbile, na inatibika, tena bila upasuaji mkubwa. Njia tunayotumia aliianzisha daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani, na sasa inatumika dunia nzima, hapa Dar hospitali kama CCBRT pale Msasani wanaifanya. Mtoto akiwa mchanga, mguu tunaushika kwa mikono, tunaunyoosha kidogo sana, kidogo tu, tunafunga hogo, yaani ile plasta ngumu. Wiki moja. Anarudi, tunafungua, tunaunyoosha kidogo tena, tunafunga lingine. Hivyo hivyo wiki tano, sita, wakati mwingine zaidi. Watoto wengi wanahitaji pia kukatwa kidogo ile kano ya kisigino, kitendo cha dakika chache. Alafu viatu maalum vilivyounganishwa na chuma katikati, miezi mitatu ya mwanzo anavivaa karibu saa zote, baada ya hapo usiku akilala, mpaka afike miaka minne au mitano.

Umeona hapo tatizo liko wapi? Halipo kwenye hogo. Liko kwenye kurudi. Kuna mama mmoja anatoka ndani ndani kule Mkuranga, mtoto wake wa kike miguu yote miwili. Kwanza bodaboda mpaka barabarani, alafu basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, alafu daladala tena, mtoto mgongoni na mahogo mawili mazito. Wiki ya kwanza kaja, ya pili kaja, ya tatu kaja, miguu inanyooka inapendeza. Wiki ya nne hakuja. Ya tano hakuja. Ya sita akaja na mtoto, hogo kalilowesha mwenyewe kalifungua nyumbani maana lilikuwa linambana mtoto anayekua, na miguu imeshaanza kurudi ilikotoka. Nilimuuliza mama nini kimetokea, akanitajia kiasi cha nauli. Nauli tu! Tukaanza upya hogo la kwanza. Nashukuru Mungu safari hii alimaliza, nauli ilipatikana, na yule mtoto sasa anakimbia kwenye korido ya kliniki mpaka tunamkataza.

Kwa hiyo shilingi tunazochangisha sio za kujenga jengo lenye majina yetu. Ni nauli. Ni hogo. Ni vile viatu vyenye chuma ambavyo mtoto akikua vinabadilishwa na mzazi hana. Kuna watu wametutangulia kwenye njia hii, tangu mwaka 2002 Mgodi wa Geita na TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, wana Kili Challenge yao, watu wanapanda na wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli na fedha zinakwenda kwenye mapambano ya UKIMWI. Sisi ni wadogo, lakini mtindo ni ule ule.

Na hapa nina msimamo na naomba niuseme mbele ya wote. Gharama yako ya kupanda unalipa mwenyewe. Ada ya hifadhi, guide, mpagazi, nauli ya kwenda Moshi, jaketi, vyote mfukoni kwako. Kama huwezi kulipa mwaka huu, weka kidogo kidogo upande mwakani, na Jumamosi uendelee kuja, unachangia kama sisi, hakuna atakayekuangalia vibaya. Lakini mtu akikupa elfu kumi yake akijua ni ya mtoto, hiyo elfu kumi iende kwa mtoto nzima, isipite kwenye kilele kwanza. Akaunti ni tofauti, wanaosaini ni watatu, na kila mwisho wa mwezi dada mhasibu atabandika hesabu kwenye grupu mpaka senti. Mkiona kimya, ulizeni. Ulizeni kwa sauti!

Usiku mmoja wa mwaka 1961, tarehe 9 Desemba, luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge wa Uhuru juu ya mlima ule. Mwalimu alishaahidi miaka miwili kabla kwamba tutauweka mwenge kule juu ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Tumeyasikia maneno hayo shuleni mpaka tukayazoea. Lakini nikimwona yule mama wa Mkuranga ameshuka kwenye daladala na mtoto mgongoni kwa wiki ya sita mfululizo, najua nani anahitaji hilo tumaini na linauzwa shilingi ngapi.

Basi, kazi ya leo kabla hamjaondoka. Nataka kila mtu apate mwenza. Sio mke wako, sio mume wako, sio rafiki uliyekuja naye, mtafute mtu ambaye humjui vizuri. Mwendo wenu ukaribiane. Mpeane namba za simu, mpeane na namba ya mtu wa nyumbani. Mwambie una ugonjwa gani, dawa gani unatumia, unaziweka mfuko upi wa begi. Mwambie ukichoka unakuwaje, kuna anayenuna, kuna anayecheka ovyo, kuna anayenyamaza, kuna anayetembea mbele asiulizwe. Mwambie ukweli. Kuanzia wiki ijayo mnatembea pamoja, mkivuka daraja mnavuka pamoja, mmoja akisimama kufunga kamba mwingine anasimama. Kila mwisho wa matembezi mtatembea mbele ya kila mmoja ule mstari wa kisigino na kidole, hatua kumi, ili mjue mwenzako akiwa mzima anautembeaje, maana kuna watu wanayumba tangu kuzaliwa na hilo nalo lijulikane mapema.

Jumamosi ijayo ni ngazi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Pugu tukianza saa tisa usiku, kibali cha TFS, wakala wa misitu, tumeshaomba, njooni na taa za kichwani na betri za akiba. Mama wa kwaya ameshasema anataka mwenza anayeimba sauti ya pili. Haya simameni, yeye apate wa kwake kwanza, alafu na nyie wengine mtafutane.